Siku Nzima Grenada: Kisiwa cha Kungumanga Machoni mwa Mtembeza Wageni wa Kizimbani

Sisi tunaotembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Unguja tunajua jambo ambalo vitabu vya utalii havilisemi: mahali gari linaposimama huchaguliwa kwanza kwa sababu ya choo, pili kwa sababu ya kivuli, na historia hufuata ikiwa imebakia nafasi. Kazi hii nimeifanya Kizimbani tangu ujanani. Basi nilipokwenda Grenada kumwona mpwa wangu anayesomea utabibu wa mifugo, naye akanilipia ziara ya siku nzima ya kuzunguka kisiwa, nilikaa kiti cha mbele kando ya dereva, na nikawa namtazama yeye zaidi ya kutazama bahari. Nilitaka kujua anasimama wapi, na wapi anapita bila kupunguza mwendo.

Grenada ni kisiwa kidogo. Hata ukikichanganya na wadogo zake wa kaskazini, Carriacou na Petite Martinique, kina kilomita za mraba 344 tu, hakifiki robo ya Unguja. Lakini ni milima mitupu. Mount Saint Catherine peke yake una mita 840, na barabara hupinda na kupindua mpaka abiria wa nyuma wakanyamaza. Njia ya ziara ni ile ile kwa kila dereva, wa kampuni na wa kujitegemea: kutoka St. George's, mji mkuu, unashika mwambao wa magharibi hadi Gouyave na Victoria, unafika Sauteurs kaskazini kabisa, unateremka mashariki kupitia River Antoine na Pearls hadi Grenville, kisha unapanda milimani Grand Etang na kurudi mjini. Wapo wanaoigeuza wakaanza na milima. Hakuna anayeiacha, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuzunguka.

Njia hiyo haikuwekwa kwa ajili ya macho ya mgeni. Miji yote niliyoitaja ilikua penye ghuba ambapo mashua iliweza kuegesha. Zamani za sukari, mapipa yalishushwa kutoka shambani hadi ufukweni, yakapakiwa mashua, yakapelekwa St. George's ambako merikebu za Ulaya zilisubiri. Barabara ilikuja nyuma, ikaunganisha kile ambacho mashua zilikuwa zimeshakiunganisha. Ukizunguka Grenada kwa basi dogo lenye kiyoyozi, umefuata safari ya pipa la sukari.

Walioianza safari hiyo ni Wafaransa. Mwaka 1649 Jacques du Parquet, gavana wa Martinique, alileta walowezi wake hapa. Waingereza walikiteka kisiwa 1762 na mkataba wa Paris wa 1763 ukawathibitishia. Wafaransa wakakirudisha 1779. Waingereza wakakipata tena 1783. Leo magari hushika kushoto na vijiji vina majina ya Kifaransa. Gouyave ulipachikwa jina la Charlotte Town, na watu wake hawakushughulika nalo. Alama ya ugomvi huo iliyonichekesha ni Fort Frederick, juu ya mji. Mwaka 1779 Wafaransa walikuja kwa nyuma, kwa njia ya nchi kavu, wakati mizinga yote ya Waingereza ilikuwa inaelekea baharini. Tangu hapo ngome ya mlimani ikajengwa imegeuza mgongo kwa bahari, mizinga yake inatazama bara.

Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kriketi na sauti ya muadhini. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Carenage, bandari ya mviringo katikati ya mji, mbele ya sanamu ya Kristo aliyeinua mikono. Hapo alitusimulia habari za Bianca C, meli ya kitalii ya Kiitaliano iliyowaka moto nje ya bandari hii tarehe 22 Oktoba 1961, baada ya mlipuko katika chumba cha mitambo. Ilikuwa na watu zaidi ya 600, abiria na mabaharia. Wavuvi na wenye mashua wa St. George's walitoka bila kuitwa, wakawashusha karibu wote wakiwa hai, na mji ukawalaza na kuwalisha. Kampuni ya Costa, mwenye meli, ikaleta sanamu hiyo kuwa shukrani. Meli yenyewe ilizama ilipokuwa ikivutwa, nayo sasa wageni hulipa kuizamia.

Nilimpa heko moyoni. Ni ustadi wa kazi kuanza siku na kisa ambacho wenyeji ndio waliowaokoa wageni, wala si kinyume chake. Mwanafunzi wangu yeyote ningemwambia aige.

Baada ya hapo tulipita ndani ya Sendall Tunnel, handaki la mwaka 1894 linalotoboa kilima cha mji, jembamba kiasi cha gari moja, na waenda kwa miguu wamejibana ukutani. Kisha bahari ikawa kushoto mpaka Gouyave.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kituo cha kungumanga cha Gouyave ni jengo la ghorofa la mbao na mabati, na harufu yake hukupokea barabarani kabla hujashuka. Kwetu Kizimbani kungumanga ni kiungo cha kuonesha: nalipasua tunda, mgeni anaona kokwa nyeusi iliyovikwa basibasi nyekundu, anapiga picha, nami namtania kuhusu uji wa kungumanga wanaopewa maharusi. Mkungumanga mmoja au miwili yatosha kwa ziara ya mwaka mzima. Gouyave nilikuta magunia kwa magunia.

Mkulima huleta mali yake ikiwa imeshavuliwa nyama ya nje, basibasi mbali na kungumanga mbali. Inapimwa, analipwa sehemu ya fedha palepale, na sehemu nyingine hungojea mauzo ya msimu. Juu ghorofani kungumanga hutandazwa katika vitanda vya mbao, kivulini, kwa muda wa wiki nane hivi, na wafanyakazi hupita na reki wakizigeuza. Hapa ndipo zinapotofautiana na karafuu zetu. Karafuu hutaka jua kali na jamvi; ikilala na unyevu inaharibika, huwa mpeta, na bei inaanguka. Kungumanga ikipigwa jua kali mafuta yake huyeyuka. Ikishakauka kivulini, kokwa hulegea ndani ya kaka. Mama mmoja wa kituoni alinipa moja niitikise sikioni, ilicheza. Kisha akanipeleka kwenye pipa la maji. Kungumanga zilizovunjwa kaka hutiwa majini: iliyozama ni nzima na imejaa, itakwenda kuuzwa kwa ajili ya chakula, iliyoelea ni nyepesi, itakwenda kukamuliwa mafuta. Akazamisha mkono hadi kiwiko akazikomba zilizokuwa chini, zikang'aa kahawia kama shanga. Chini kabisa, vijana walikuwa wanapiga chapa magunia kwa rangi nyeusi, kila gunia na jina la bandari linakokwenda.

Nilimwambia mama yule kuhusu uji wa maharusi. Alicheka mpaka akaketi, akawaita wenziwe niwarudilie.

Mti huu si wa hapo, kama karafuu isivyo ya Unguja. Kungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, na Maluku ya kaskazini ndiko kwenye asili ya karafuu. Waholanzi walitaka biashara hiyo iwe yao peke yao. Mwaka 1621 gavana mkuu wao, Jan Pieterszoon Coen, aliwaua na kuwahamisha karibu watu wote wa Banda ili mashamba yabaki mikononi mwa kampuni yao ya biashara. Baadaye Wafaransa wakaiba miche wakaipanda Mauritius na Réunion, na kwa njia hiyo karafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mashamba ya Saleh bin Haramil al-Abri pale Kizimbani ni miongoni mwa ya mwanzo. Waingereza nao walipoishika Banda wakati wa vita vya Napoleon walichukua miche kupeleka makoloni yao. Grenada inahesabu kuanza kwa kungumanga zake mwaka 1843.

Mwaka huo una maana. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulifutwa 1834, na wale walioitwa wanagenzi, yaani watumwa kwa jina jingine, wakaachiwa kabisa 1838. Muwa unahitaji mtaji: kinu, makarai ya shaba, ng'ombe, na mamia ya watu. Aliyekuwa mtumwa hakuwa na hivyo. Lakini mkungumanga au mkakao unakua mlimani, nusu ya shamba dogo inatosha, na watoto wanaweza kuokota. Sukari ilipoporomoka, kisiwa kikageuka kuwa cha wakulima wadogo, na kungumanga ikapata nafasi hadi katika bendera ya taifa. Mwaka 1947 wakulima waliunganishwa katika chama cha ushirika cha kungumanga, na sheria ikataka mali yote iuzwe kwake peke yake. Nikimsimulia Mpemba mwenye mikarafuu habari ya mnunuzi mmoja, atatabasamu na kubadili mazungumzo.

Kisha kuna upepo. Tarehe 22 Septemba 1955 kimbunga Janet kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga. Ikapandwa upya. Mkungumanga huchukua miaka saba au zaidi kuzaa, na mpaka utoe maua hujui kama ni dume au jike, kwa hiyo mkulima hulea nusu yake bure. Grenada ilijenga tena mpaka ikawa ya pili duniani nyuma ya Indonesia. Tarehe 7 Septemba 2004 kikaja Ivan. Watu 39 walikufa, takriban nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika, na mikungumanga mingi sana ikalala. Wazee wengi hawakupanda tena, kwani mtu wa miaka sabini hawezi kuusubiri mti huo mara ya pili. Ndiyo maana ghorofa ya juu ya kituo cha Gouyave ina vitanda vingi vitupu. Mwongozaji wa kituoni hakuvificha, alituonesha.

Mimi nilisimama hapo nikifikiria mwaka 1872. Kimbunga cha Aprili mwaka ule kilifagia mikarafuu ya Unguja, Pemba kikaiacha salama, na tangu hapo karafuu ikawa mali ya Pemba hasa, hadi leo. Mikarafuu mingi ninayoonesha wageni Kizimbani ni ya baada ya upepo ule. Katika miaka yangu yote kazini sijasikia mtembezaji mwenzangu anayeitaja 1872 kwa mgeni. Tunasema tu kwamba mikarafuu ni ya zamani sana.

Sauteurs tulifika karibu na adhuhuri. Hapo kuna kanisa Katoliki, makaburi, na nyuma yake genge linaloporomoka moja kwa moja baharini. Mwaka 1651, Wakalinago, wenyeji wa kisiwa, waliosukumwa kaskazini na askari wa Kifaransa hatua kwa hatua, walijirusha kutoka genge hilo kuliko kukamatwa. Habari hii tunaipata kwa padri wa Kifaransa, Jean-Baptiste Du Tertre, aliyewahesabu kuwa arubaini hivi. Hakuna Mkalinago aliyeachiwa nafasi ya kuiandika kwa upande wao. Dereva alisimulia kwa ufupi na bila madoido. Wageni waliinamia ukuta, wakatazama mawimbi, wakauliza maswali mawili matatu, wakarudi garini.

Chakula cha mchana kilikuwa "oil down", chakula cha taifa, na Mzanzibari hahitaji kuelezwa. Ni shelisheli lililopikwa kwa tui pamoja na majani ya callaloo, manjano na nyama au samaki wa chumvi, chungu kimoja, moto mdogo, mpaka tui linakauka na kutoa mafuta chini. Niliomba cha samaki. Shelisheli lenyewe lilitoka visiwa vya Pasifiki; nahodha William Bligh alileta miche Karibi mwaka 1793, kwa maelekezo ya kutafuta chakula cha rahisi cha kuwalisha watumwa. Manjano ni hadithi nyingine: Wahindi wa mkataba wa kwanza walishushwa Grenada tarehe 1 Mei 1857 na meli Maidstone, kujaza nafasi za watumwa walioacha mashamba. Sahani moja, mabara matatu, na nyuma yake yupo mwenye shamba. Kilikuwa kitamu sana, nikaongeza.

River Antoine, upande wa kaskazini-mashariki, ni kiwanda cha ramu kinachofanya kazi tangu 1785, na hicho ndicho kituo kinachopendwa kuliko vyote. Gurudumu kubwa la chuma husukumwa na maji ya mto, nalo huzungusha kinu cha miwa. Mtu mmoja hulisha miwa, mwingine anakusanya makapi na kuyatupa juani. Maji ya miwa hupita katika makarai makubwa yaliyopangwa mstari, yakichotwa kutoka karai moja kwenda jingine kwa kata za mpini mrefu, na moto wa chini ni wa makapi yale yale. Kisha huachwa katika matangi ya wazi yachache yenyewe, pasi na hamira ya dukani. Ramu inayotoka ina nguvu ya asilimia 75, kali mno kuingizwa ndani ya ndege, hivyo hutengenezwa na nyingine ya asilimia 69 kwa ajili ya wasafiri. Wenzangu walionja wakakohoa. Mimi nilipewa maji ya miwa.

Gurudumu lile ni zuri, na nadhani uzuri wake ndio tatizo. Wageni wote walipiga picha, na mwongozaji wa kiwandani alieleza kila jino na kila mfereji. Mwaka 1785, nani alilisha kinu hiki miwa? Nani alisimama kwenye makarai usiku wa mavuno, wakati kinu hakilali? Vinu vya namna hii vilijulikana kote Karibi kwa kunasa mikono ya watu waliosinzia, na panga liliwekwa karibu kwa ajili ya kuukata mkono kabla mwili haujafuata. Nilimuuliza mwongozaji. Alinijibu vizuri, na kwa kirefu, alijua kila kitu. Ila alingojea kuulizwa. Namwelewa: nami Kizimbani husubiri hivyo hivyo, maana mgeni aliye likizo hukunja uso ukimwambia nani alichimba mashimo ya mikarafuu, na bakshishi hupungua.

Pearls tulipita polepole, hatukushuka. Ni uwanja wa ndege wa zamani, uliofunguliwa 1943 na kuachwa uwanja mpya ulipokamilika kusini 1984. Kwenye nyasi kuna mabaki ya ndege mbili za Kisovieti, zimebaki hapo tangu Marekani ilipovamia tarehe 25 Oktoba 1983. Wanamaji wake walitua hapa. Mbuzi hulala chini ya bawa. Chini ya lami ya uwanja kulikuwa na kijiji kikubwa cha wenyeji wa kale, waliokuwa na vyungu vya kuchorwa na shanga za mawe karne nyingi kabla ya Columbus; wajenzi wa uwanja walipitisha tingatinga juu yake, na wachimbaji wa kuuza walichukua kilichosalia. Karibu na Grenville dereva aliinua mkono upande wa La Digue, akasema mama yake Malcolm X alizaliwa kule. Ni kweli: Louise Langdon alitoka La Digue, akahamia Canada, kisha Marekani. Mkono ukarudi kwenye usukani. Hapana choo La Digue, nikajisemea.

Tukapanda. Grand Etang ni ziwa la kasoko, mita zipatazo 530 juu ya bahari, limezungukwa na msitu na ukungu. Kima wa hapo, aina ya mona, wametoka Afrika Magharibi. Waliletwa na meli za biashara ya watumwa, wakakimbilia msituni. Kabla ya wageni kuwapiga picha, dereva aliwalisha ndizi huku akiwaita kwa mluzi. Hapo tulikaa muda mrefu kuliko popote.

Na ni hapo hapo, katika milima hiyo hiyo, ambapo tukio kubwa kuliko yote ya kisiwa lilifanyika, na halimo katika ratiba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 1795, Julien Fédon alianzisha uasi kutoka shamba lake la Belvidere. Alikuwa mtu huru wa damu mchanganyiko, Mkatoliki msema Kifaransa, mwenye kahawa na kakao, na mwenye watumwa pia. Waingereza walikuwa wamewanyima watu wa namna yake haki, na habari za Mapinduzi ya Ufaransa na za Haiti zilikuwa zimefika. Karibu nusu ya watumwa wa kisiwa walijiunga naye. Kwa zaidi ya mwaka Grenada yote ilikuwa mikononi mwao isipokuwa St. George's. Walimkamata gavana, Ninian Home, na tarehe 8 Aprili 1795 yeye na wafungwa wengine 47 wakapigwa risasi kambini mlimani. Uasi ulizimwa Juni 1796, wengi wakanyongwa. Fédon mwenyewe hakukamatwa kamwe, na mwisho wake haujulikani.

Nilimuuliza dereva kambi iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye kilele kilichofunikwa na wingu. "Saa nyingi kwa miguu, matope matupu," akasema. "Mgeni wa meli lazima awe bandarini kabla ya saa kumi na moja." Hilo nalo ni la kweli. Meli hazingoji, na nahodha akiondoka na kiti kitupu mwenye lawama ni dereva. Historia ya Grenada inayosimuliwa kwa wageni imekatwa kwa saa ya meli.

Kulikuwa na saa moja ya kuchezea tuliporudi mjini, kwa kuwa kundi letu halikuwa la meli, nikamwomba atupandishe Fort George. Hakukataa, lakini alinyamaza njia nzima, naye si mtu wa kunyamaza. Ngome hiyo ilianzishwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 18. Ndani yake kuna ua mdogo na mlingoti wa mpira wa kikapu, na ukutani kibao chenye majina. Tarehe 19 Oktoba 1983 waziri mkuu Maurice Bishop, aliyekuwa amechukua madaraka kwa mapinduzi ya Machi 1979 na kufungiwa nyumbani na wenzake wa chama, alikombolewa na umati wa watu wakaja naye hapa. Askari wakafika. Bishop, waziri Jacqueline Creft na wenzao walisimamishwa ukutani wakapigwa risasi. Miili yao haijapatikana mpaka leo. Siku sita baadaye wakaja Wamarekani. Tarehe 25 Oktoba ikawa sikukuu ya shukrani. Kiwanja kipya cha ndege, kilichojengwa na Wakuba na ambacho Rais Reagan wa Marekani alikitaja kuwa cha kivita, kikapewa jina la Bishop mwaka 2009. Na tangu 2023 tarehe 19 Oktoba ni siku ya mashujaa wa taifa. Kalenda moja ina siku ya kuwashukuru waliovamia na siku ya kumwomboleza aliyeuawa, kwa tofauti ya siku sita.

Dereva alikuwa mwanafunzi wa skuli mwaka ule. Alisema alikuwa katika umati, akakimbia milio ilipoanza, na viatu vyake vikabaki mlimani. Akaniuliza kama sisi tunawapeleka wageni mahali pa mapinduzi yetu ya 1964. Nikamjibu kuwa tunawapeleka Forodhani kula pweza. Tulicheka wote wawili, si sana.

Natoa hukumu yangu kama fundi wa kazi hiyo hiyo. Ziara ya siku nzima ya Grenada ni bora kuliko tunayoifanya sisi. Kuanzia Bianca C hadi vitanda vitupu vya Gouyave, wenzetu wamethubutu kumwambia mgeni kwamba kisiwa kimepata hasara, na mgeni hakukimbia wala kudai fedha zake. Wamekosa Belvidere, wamekosa kumtaja mlisha miwa bila kuulizwa, na Fort George wameiacha kwa mwenye kuomba. Sisi hata vitanda vitupu hatuvioneshi.

Kwa wenzangu wa Kizimbani, Dole na Kindichi, naomba haya. Kabla hujampa mgeni jani la mdalasini alinuse, mwambie mashamba haya yalipandwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara, kwamba soko la watumwa la mjini lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukaendelea mashambani hadi amri ya 1897, na kwamba upepo wa 1872 uliiangusha mikarafuu yao. Yote hayo hayazidi dakika tano, na kijana wa kupanda mnazi anaweza kungojea.